Michelada haijakaa sawa? Anza na dalili, fuata chanzo

Michelada ni bia baridi iliyokolezwa ndimu, chumvi, pilipili na sosi nyeusi za chumvi. Meksiko huinywa mchana wa jua, mara nyingi pamoja na kamba, pweza au samaki mbichi aliyeiviswa kwa ndimu. Viungo vyake si vingi na hakuna cha kupika, kwa hiyo watu hushangaa inapotoka mbaya. Karibu kila kasoro huzaliwa kabla bia haijamiminwa: chini ya glasi, kwenye ubaridi, na kwenye kipi kinatangulia kipi. Bia ikishaingia, nafasi ya kurekebisha inabaki ndogo.

Kwanza, iliyo sawa ikoje

Bila kipimo cha kulinganishia utabaki kubahatisha. Kwa bia moja ya mililita 355, ujazo wa kawaida wa chupa na kopo huko Meksiko:

- juisi ya ndimu, mililita 30
- sosi ya Worcestershire, kijiko 1 cha chai
- Maggi ya maji, nusu kijiko cha chai
- sosi ya pilipili ya kiwango cha kati, kama Valentina ya lebo ya njano, vijiko 2 vya chai
- chumvi ya kushika kwa vidole viwili
- chumvi ya chengachenga au Tajín (unga wa pilipili uliochanganywa na chumvi na ndimu) kwa ajili ya ukingo wa glasi
- vipande 5 au 6 vikubwa vya barafu

Paka ukingo, tia juisi na sosi zote, koroga hadi chumvi iyeyuke, weka barafu, kisha mimina bia polepole huku umeinamisha glasi. Ukitaka yenye nyanya, ongeza mililita 120 za Clamato, juisi ya nyanya yenye mchuzi wa chaza, na uiweke pamoja na sosi kabla ya barafu.

Angalizo kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania: bia nyingi za kwetu huuzwa kwenye chupa ya mililita 500. Ukifuata vipimo vya hapo juu na kumimina chupa nzima, utapata bia yenye harufu ya ndimu tu. Zidisha kila kitu kwa 1.4: ndimu mililita 42, pilipili karibu vijiko 3 vya chai, na kuendelea. Bahati nzuri ni kwamba ndimu yetu ndogo yenye ganda jembamba na mbegu nyingi ndiyo ileile ambayo Wameksiko huiita limón na kuitumia hapa. Ndimu kubwa ya kijani isiyo na mbegu ina juisi nyingi zaidi lakini ukali wake ni mdogo, na limau la njano ladha yake ni nyingine kabisa.

Povu linapanda na kufurika mezani

Hili ndilo lalamiko namba moja, na vyanzo vyake ni vinne. Kwa kawaida viwili au vitatu hukutana kwenye glasi moja.

Cha kwanza ni joto. Gesi ya kaboni hutulia ndani ya maji baridi na kutoroka kwenye maji ya uvuguvugu. Kwenye nyuzi 0 za selsiasi maji hushika gesi hiyo karibu mara mbili ya yanavyoishika kwenye nyuzi 20. Bia iliyokaa kaunta kwa dakika ishirini, ikamiminwa kwenye glasi iliyotoka kuoshwa kwa maji ya moto, itafurika hata kama viungo vyote ni sahihi. Bia iwe kati ya nyuzi 2 na 4, na sosi na juisi nazo zikae kwenye friji.

Cha pili ni chumvi ambayo haijayeyuka. Kila punje ina mikwaruzo na vishimo vyenye hewa, na hapo ndipo viputo vya gesi huanzia. Ukitia chumvi juu ya bia iliyokwisha kumiminwa, utaona safu nzima ikilipuka kwa povu ndani ya sekunde moja. Chumvi iingie kwenye juisi ya ndimu mapema, ikorogwe mpaka usisikie tena mkwaruzo wa kijiko chini ya glasi. Tajín iliyomwagwa ndani hufanya vilevile, tena kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu unga wa pilipili hauyeyuki.

Cha tatu ni nyama ya tunda. Nyuzi za ndimu na chembe za nyanya zina kazi ileile ya punje za chumvi. Chuja ndimu kwa kichujio cha chai. Kama unasaga nyanya mwenyewe badala ya kununua Clamato, chuja mara mbili.

Cha nne ni mkono wa anayemimina. Bia ikidondoka kutoka juu na kupiga barafu, gesi inatoka yote kwa mpigo. Inamisha glasi, mdomo wa chupa uguse karibu na ukingo usiopakwa chumvi, mimina theluthi moja, subiri sekunde kumi povu lishuke, kisha endelea. Kama glasi ni ndogo, usilazimishe chupa iishe. Meksiko ni jambo la kawaida mteja kuletewa glasi nusu na chupa yake pembeni, naye anajijazia kadiri anavyokunywa. Ndiyo njia bora hata nyumbani.

Haina gesi, imelala tu

Hapa tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Michelada kukosa povu juu si kasoro: mafuta ya ganda la ndimu na ya pilipili hulivunja povu haraka. Angalia viputo vinavyopanda kutoka chini, na usikilize ulimi. Kama unachomwa kidogo na gesi, bia ni nzima.

Kama hakuna viputo, chanzo cha kawaida ni kukoroga. Mtu anamimina bia, anaona sosi imebaki chini, anazungusha kijiko kwa nguvu mara nane. Gesi yote inakwenda hewani. Baada ya bia kuingia, kijiko kifike chini, kiinue mara moja au mbili, basi. Usiitikise kwenye chombo kilichofungwa kama kokteli nyingine, itakurukia usoni.

Chini nyekundu, juu njano

Sosi na nyanya ni nzito kuliko bia na hushuka. Wengine wanapenda mwonekano huo, lakini mnywaji hukutana na bia tupu mwanzoni na ukali wote mwishoni. Tia theluthi ya bia kwanza, koroga taratibu ichanganyike na mchanganyiko wa chini, ndipo umalizie iliyobaki.

Chumvi ya ukingo inateleza na kuingia ndani

Sababu kuu ni glasi iliyotoka kwenye friza. Inapendeza ikiwa na ukungu mweupe, lakini kwenye hewa ya pwani, iwe Veracruz au Dar es Salaam, unyevu huganda juu yake kwa dakika chache na kuyeyusha chumvi yote. Geuza mpangilio: paka ukingo glasi ikiwa kavu na ya joto la kawaida, iache dakika kumi ishike, halafu iweke kwenye friji, si friza.

Jinsi ya kupaka: kata ndimu, pitisha upande uliokatwa kwenye ukingo wa nje tu, upana wa sentimita moja. Geuza glasi juu ya sahani yenye chumvi na uizungushe kwa kuilaza ubavu, usiikandamize kichwa chini, maana hapo chumvi huingia upande wa ndani. Igonge kidogo nyuma ili ziada idondoke. Nusu Tajín na nusu chumvi ya chengachenga hushika vizuri kuliko Tajín peke yake, na kwa macho yetu hupendeza zaidi. Chumvi laini ya mezani haifai hapa. Inayeyuka mapema na kuwa kali mno.

Ukitumia chamoy, ule uji mzito wa matunda yaliyotiwa chumvi, pilipili na sukari, na unachuruzika hadi kwenye meza, basi una joto au ni mwepisi. Uweke kwenye friji nusu saa, upake kwa mgongo wa kijiko, kisha Tajín juu yake. Tajín iliyoshikana mabonge imeingiwa na unyevu. Isugue kwenye kichujio, haijaharibika.

Chumvi imezidi

Hesabu chumvi zilizomo: Worcestershire ina chumvi, Maggi ina chumvi nyingi, sosi ya pilipili inayo, Clamato inayo, Tajín inayo, na bado ukingo wa glasi. Kila kiungo peke yake hakina tatizo; yakikutana sita, kinywa kinakauka. Toleo la Clamato halihitaji chumvi ya kubana kwa vidole, na mara nyingi halihitaji Maggi pia. Paka nusu ya ukingo tu ili mnywaji achague upande.

Kosa linaloonekana sana kwetu ni la Maggi. Inayotakiwa ni ya maji, ya chupa ndogo ya rangi ya kahawia. Kile kipande cha kusugua kwenye mchuzi kina chumvi nzito na mafuta yanayoganda kwenye bia baridi, na huacha utando juu. Ukikosa Maggi ya maji, tumia sosi ya soya nyeusi kwa kiasi kilekile.

Imeshazidi tayari? Sukari haitaiondoa. Gawa kwenye glasi mbili, jaza kila moja kwa bia tupu na ndimu kidogo.

Inaunguza, haiwezi kunyweka

Kinachowasha kwenye pilipili huitwa kapsaisini, na hakiyeyuki kwenye maji. Kileo cha asilimia nne au tano ni kidogo mno kukiyeyusha. Kwa hiyo kunywa bia zaidi kunausambaza moto, na gesi ya bia, ambayo yenyewe huchoma ulimi, inaukuza. Bia chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, huzidisha hali hiyo. Ndiyo sababu michelada hutengenezwa kwa bia nyepesi kama Modelo Especial, Tecate, Sol, Pacífico au Victoria yenye rangi ya kaharabu. Kwetu, Kilimanjaro na Tusker zinakaa vizuri mahali hapo. Bia nyeusi ya stauti usiijaribu.

Tiba ya glasi ni kuzimua: mililita 60 hadi 100 za juisi ya nyanya isiyo na chumvi, kisha ndimu kidogo ili ladha isilale. Tiba ya kinywa ni mafuta au maziwa: parachichi, jibini, karanga, mtindi. Karanga za baa nyingi za Meksiko zimekaangwa na pilipili na kutiwa ndimu, hivyo angalia kwanza kabla hujaongeza moto juu ya moto.

Tafuta pia chanzo kwenye chupa ya sosi. Valentina ya lebo nyeusi ni kali kuliko ya njano. Tabasco ya Louisiana ni nyepesi kama maji, ina siki nyingi na ukali wa vipimo 2,500 hadi 5,000 vya Scoville; vijiko viwili vya chai vyake si sawa na vijiko viwili vya Valentina, anza na matone sita. Sosi za habanero kutoka Yucatán ni jambo jingine: ukali wake huchelewa kupanda, mtu anaonja, anaona haitoshi, anaongeza, na dakika moja baadaye anatokwa machozi. Onja, subiri dakika nzima, ndipo uamue.

Pilipili mbuzi ya sokoni kwetu ni ya jamii moja na habanero, kwa hiyo harufu yake ya matunda inafaa sana. Robo ya pilipili moja, bila mbegu wala utando mweupe wa ndani, iponde kwenye juisi ya ndimu, iache dakika kumi, chuja. Usiache vipande ndani ya glasi; kimoja kikinasa kooni furaha yote imekwisha.

Sosi nyingi za pilipili za dukani Afrika Mashariki zimetiwa nyanya, sukari na wanga wa kuzifanya nzito. Hizo huifanya bia iwe na utelezi na ukungu. Soma lebo: unataka pilipili, siki, chumvi, na si mengi zaidi.

Pilipili haisikiki kabisa

Ama sosi imelala chini, ama kinywaji ni baridi kiasi cha kufisha ladha. Inua kijiko mara moja, subiri dakika mbili, kisha onja. Usikimbilie kuongeza.

Ina uchungu usioeleweka

Mara nyingi ni ndimu. Ukiikamua kwa nguvu mpaka ganda linapasuka, mafuta ya ganda na uchungu wa nyama nyeupe vinaingia kwenye juisi. Kamua mara moja, acha tone la mwisho. Juisi iliyokamuliwa asubuhi na kutumika jioni nayo huwa chungu, na ile ya chupa ina ladha ya kupikwa. Usitumbukize nusu ya ndimu iliyokamuliwa ndani ya glasi. Kipande chembamba ukingoni kinatosha.

Kama uchungu unaambatana na harufu kama ya kicheche, tatizo ni bia. Mwanga wa jua ukipita kwenye chupa nyeupe au ya kijani hugeuza viini vya hopsi kuwa mchanganyiko wenye salfa, na hilo hutokea haraka sana juani. Corona na Sol huwekwa kwenye chupa nyeupe, hivyo zichague kutoka kwenye kreti au boksi lililofungwa, si zile zilizopangwa dirishani. Kopo haliingizi mwanga. Bia iliyoharibika hivyo haifichwi na sosi yoyote; imwage.

Ni chachu kupita kiasi

Punguza ndimu hadi mililita 20, au ongeza bia. Nusu kijiko cha chai cha sukari kilichoyeyushwa kwenye ndimu mapema kinasaidia. Kama huna Worcestershire na umeweka siki badala yake, hapo ndipo uchachu ulipotoka: tumia maji mazito ya ukwaju na tone la soya, kwa kuwa ukwaju ni mmoja wa viungo vya Worcestershire yenyewe.

Maji maji

Barafu ndogo au iliyopondwa huyeyuka haraka. Tumia vipande vikubwa, na mwaga maji yaliyokusanyika chini ya ndoo ya barafu kabla hujaviweka. Njia tunayoipenda ni kugandisha juisi ya nyanya au Clamato kwenye trei ya barafu: ikiyeyuka inaongeza ladha badala ya kuipunguza. Na glasi isikae nusu saa mezani. Michelada ni ya kunywewa ikiwa bado baridi.

Inanuka samaki, au midomo inawasha kwa namna isiyo ya pilipili

Clamato ina chaza, na Worcestershire ya asili ina dagaa aina ya anchovi. Mwenye mzio wa vyakula vya baharini hapaswi kuonja hata kidogo; muulize mgeni kabla, si baada. Clamato ikishafunguliwa, itunze kwenye friji na uimalize ndani ya wiki. Pasipo Clamato, juisi ya nyanya isiyo na sukari na vijiko viwili vya chakula vya maji yaliyochemshiwa kamba, yaliyopozwa na kuchujwa, hukaribia sana. Maji hayo yatumike siku hiyohiyo.

Umeagiza michelada, umeletewa bia na ndimu tu

Mhudumu hajakosea. Katika Jiji la Meksiko, michelada mara nyingi ni bia, ndimu na chumvi. Yenye sosi huitwa cubana. Kwenye sehemu nyingine nyingi za nchi, ya ndimu na chumvi ni chelada, na michelada ndiyo yenye sosi. Uliza kabla: con salsas ni yenye sosi, con Clamato ni yenye nyanya.

Imepanda kichwani haraka

Ndimu na nyanya hazipunguzi kileo. Bia ya mililita 355 yenye asilimia 4.5 ina gramu 12 na ushee za kileo. Chupa ya 500 ina karibu 18. Zile glasi za lita moja za Meksiko hujazwa kwa chupa kubwa iitwayo caguama, ya mililita 940, na hiyo ni zaidi ya gramu 33 kwa mtu anayedhani amekunywa glasi moja. Chumvi inaongeza kiu, kiu inaongeza mwendo. Maji yawe mezani, na anayeendesha gari apewe mchanganyiko uleule juu ya maji ya soda. Baa za Meksiko huandaa hivyo kila siku, na utamu haupungui sana. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aikwepe kabisa: asidi, pilipili na gesi ni vitatu kwa pamoja.

Mikono imetoka malengelenge siku ya pili

Watu hulaumu pilipili, lakini kama ulikamua ndimu nje juani, mhusika ni ndimu. Juisi na mafuta ya ganda lake vina furanokumarini, ambazo zikipigwa na miale ya jua juu ya ngozi huiunguza. Dalili huonekana baada ya siku moja au mbili: wekundu, malengelenge, kisha madoa meusi yanayoweza kukaa wiki nyingi. Kamua ndimu ndani au kivulini, na unawe kwa sabuni hadi kwenye viganja na vifundo kabla ya kutoka. Malengelenge makubwa yaonwe na daktari, usiyapasue.

Pilipili huwasha papo hapo. Sugua mikono kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, na usiguse macho.

Jagi la wageni limeharibika

Bia haiingii kwenye jagi. Tengeneza mchanganyiko wa chini peke yake: kwa watu kumi, ndimu mililita 300, Worcestershire mililita 50, Maggi mililita 25, Valentina mililita 100, chumvi kijiko 1 cha chai. Chuja, funika, weka kwenye friji, tumia siku hiyohiyo. Kila glasi ichukue mililita 45 hadi 50, barafu, kisha kila mtu afungue bia yake mwenyewe. Tikisa jagi kabla ya kila glasi, kwa sababu pilipili hushuka na mgeni wa mwisho ndiye hupata yote.